Subaru EJ22 Ndani ya Ndege ya Kujiundia: Tathmini Baada ya Saa 212

Nimeruka saa 212 nikiwa na injini ya Subaru EJ22 iliyotolewa katika gari aina ya Legacy na kufungwa kwenye ndege ndogo ya viti viwili niliyoiunda mwenyewe kwa muda wa miaka minne. Kwa kuwa watu hunipigia simu kila mara wakiuliza kama injini hiyo inafaa, nimeona heri niandike tathmini kamili kuliko kuendelea kumjibu mmoja mmoja. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba chuma chenyewe hakijanisumbua hata siku moja, bali kilichonisumbua ni vile vitu vinavyokizunguka na ambavyo bila hivyo chuma hicho hakiwezi kufanya kazi. Daftari la injini linaonyesha saa 390 za kushika spana tangu ndege iruke mara ya kwanza, ambazo zinakaribia saa mbili ardhini kwa kila saa moja ya angani. Anayetaka injini ya kufunga na kusahau aishie hapa, aanze kuweka akiba ya Rotax, injini iliyoundwa kwa ajili ya ndege ndogo.

Sababu ya kuchagua Subaru haihitaji maelezo marefu kwa mtu anayeishi Kampala. Legacy, Impreza na Forester zimejaa barabarani, na katika soko la Kisekka hakuna kipuri cha injini hizo ambacho utakikosa ukizunguka kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Injini nzima ya mtumba kutoka Japani niliinunua kwa pesa isiyofika sehemu ya kumi ya bei ya Lycoming mpya, injini ya ndege ya kiwandani, ingawa lazima niseme ukweli kwamba kipunguza mizunguko (kifaa kinachoifanya propela izunguke polepole kuliko injini), rejeta, pampu na nyaya ziliniongezea gharama mpaka ile furaha ya siku ya kwanza ikapungua. Nilitafuta kwa makusudi EJ22 ya awali, ya kabla ya 1997, kwa sababu katika hizo mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti zinazofungua vali, ukikatika vali na pistoni hazigongani. Injini itazima, lakini haitajivunja. Nilimkwepa ndugu yake mkubwa, EJ25, kwa sababu sifa yake ya kuvujisha gasketi ya silinda hedi inajulikana na kila fundi wa gereji za Ndeeba hapa Kampala.

Kabla sijaingia kwenye matengenezo ni lazima jambo moja lieleweke, kwani ndilo linalowapoteza mafundi wengi wa magari. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare hutumia nguvu za farasi zipatazo 20 au kuzidi kidogo, na muda mwingi injini inapumzika. Ndege haimpi injini nafasi hiyo. Wakati wa kupaa unaitaka nguvu yote, na ukishasawazisha bado unaitaka theluthi mbili au robo tatu ya nguvu hiyo, dakika baada ya dakika, bila mteremko wa kuiachia. Tena huku kwetu hewa yenyewe ni haba. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto la nyuzi 28 hewa ya ufukweni inakuwa nyepesi kama ile ya futi 6,000 na ushei, hivyo farasi 130 zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari zinabaki 107 au karibu na hapo. Kwa hiyo ile hesabu ya kilomita 100,000 kabla ya kubadilisha mkanda wa taimingi, ambayo fundi wa gari anaitaja bila kufikiri, haina maana kwangu. Mimi nahesabu saa, na saa zangu ni nzito kuliko zake.

Jambo la pili ni kipunguza mizunguko. Injini hii inatoa nguvu yake karibu na mizunguko 5,000 kwa dakika, na propela yangu ina urefu wa mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha. Ukiifunga moja kwa moja kwenye kranki, yaani shafti kuu ya injini, ncha zake zitakwenda mita 471 kwa sekunde, mwendo unaoupita ule wa sauti, na hapo propela hupiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Kwa kipunguza cha mbili kwa moja ncha zinashuka hadi mita 236 kwa sekunde, nayo propela inavuta inavyopaswa. Changu kinatumia mkanda mpana wenye meno. Kila baada ya saa 10 nafungua kifuniko, napima mkazo wake, kisha napitisha kitambaa cheupe chini ya puli. Unga mweusi kidogo ni kawaida. Unga uliorundikana upande mmoja maana yake puli zimepishana. Nilijifunza pia kutoiacha injini iungurume polepole mno, kwa sababu chini ya mizunguko 1,100 mapigo ya pistoni yanausukasuka mkanda na propela kiasi kwamba unausikia mtikisiko kwenye meno yako mwenyewe.

Msaada mkubwa nilioupata katika haya yote sikuununua popote. Ni wa mzee mmoja, fundi mstaafu wa ndege aliyesomea katika chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, kile kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Alipokuja kuitazama injini yangu mara ya kwanza hakugusa kitu. Alikaa juu ya debe la oili, akawa ananyoosha kidole kwenye kipuri kimoja kimoja na kuuliza swali lile lile: "Hiki kikifa, kinakufa na nani?" Mimi nilidhani anatania. Tulipofika kwenye pampu ya maji nikaelewa, na tangu siku ile nimeipanga ratiba yangu yote ya matengenezo kwa swali hilo.

Pampu ya maji ya EJ22 inazungushwa na mkanda wa taimingi. Beringi yake ikikwama, mkanda unaweza kuruka meno au kukatika; mkanda ukikatika, kamshafti zinasimama na injini inazima papo hapo. Puli za kupitishia mkanda na tenshena inayoukaza nazo zimo katika mnyororo huo huo, maana beringi ya bei ndogo inaweza kuizima injini nzima. Kwenye gari watu hubadilisha mkanda na kuziacha puli kwa kuwa "bado zinazunguka vizuri, ssebo (bwana)," kama alivyoniambia kijana wa dukani. Mimi nabadilisha vyote kwa pamoja, mkanda, puli, tenshena na pampu, kila baada ya saa 250 au miaka mitatu, kitakachotangulia. Katikati ya muda huo nafungua vifuniko vya plastiki, nazizungusha puli kwa kidole huku sikio likiwa karibu, na kukagua kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji, ambacho kikianza kutoa doa la kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) kinakuambia kwamba sili imechoka kabla pampu haijafa.

Upozaji ndio ulionichukulia muda mwingi kuliko kitu kingine chochote, na hapa nitakaa kidogo. Lycoming inapozwa kwa upepo tu. Subaru inataka maji, mipira, klipu, themostati, rejeta na kifuniko cha rejeta, na kila kimoja kinajibu swali la Mzee kwa njia yake. Kifuniko kile kidogo watu hukidharau sana. Kwenye usawa wa ziwa letu maji yaliyo wazi yanachemka kwa takriban nyuzi 96, na ukipanda hadi mita 3,000 yanachemka kwa nyuzi 90, joto ambalo injini hii inafanyia kazi siku zote. Kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo tu. Kifuniko cha shinikizo la ba 0.9 kikiwa kizima, hata maji matupu ufukweni yatavumilia zaidi ya nyuzi 115, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu itavumilia zaidi. Mpira wa kifuniko ukipasuka, akiba hiyo yote inatoweka bila wewe kuona chochote ukiwa ardhini.

Katika saa ya 63 nilikuwa napanda kuelekea upande wa ziwa asubuhi yenye ukungu mwepesi. Joto la maji, ambalo kwa kawaida linasimama kwenye 88, likafika 95, likafika 100, nami nikapunguza nguvu ya injini na kushusha pua. Likafika 104 kabla sijageuza. Nilitua salama, mikono ikiwa imelowa jasho. Nilianza kwa kushuku themostati, nikaibadilisha, hakuna nafuu. Nikashuku gasketi, nikapima mgandamizo wa silinda zote nne, zote zilikuwa sawa. Siku ya tatu Mzee alileta kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akakiingiza ndani ya mkondo wa hewa ulio mbele ya rejeta na kuniita nitazame. Theluthi ya chini ya rejeta ilikuwa imezibwa na tabaka la kijivu, laini kama jivu la sigara lililoloweshwa. Walikuwa nzi wa ziwani. Mtu anayeishi kandokando ya Victoria anawajua, wale wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, nami bila shaka nilikuwa nimepita katikati ya wingu lao mara kadhaa nikidhani ni ukungu. Kutoka mbele huwezi kuwaona, kwa sababu mkondo wa hewa unapinda kabla ya kufika kwenye rejeta.

Hilo lilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa kifuniko cha rejeta nilichouziwa kama kipya katika duka ambalo sitalitaja. Kilipopimwa kwa pampu ya mkono kiliachia kwenye ba 0.4. Kila kosa peke yake ningelivumilia. Yalipokutana siku moja, kulanti ilianza kuchemka kwenye silinda hedi. Leo nimetoboa mlango mdogo kwenye mkondo wa hewa ili niione rejeta kwa macho na kuipuliza kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele, nami napima kila kifuniko kipya kabla ya kukifunga, hata kama kimekuja na boksi lenye nembo. Nimeongeza pia geji ya shinikizo la kulanti. Wengi huniuliza ya nini wakati geji ya joto ipo. Sababu ni kwamba maji yakimwagika, sensa ya joto inabaki imening'inia kwenye hewa na mvuke na inaweza kukuonyesha namba nzuri huku injini ikiungua. Shinikizo ndilo linaloanguka kwanza.

Mipira ya maji naibadilisha kila miaka miwili bila kujali sura yake, na kila klipu ina alama ya rangi nyekundu inayovuka kutoka klipu hadi mpira, ili ikihama hata kidogo nione mstari umekatika. Alama kama hizo nimeziweka kwenye boliti zote zilizo muhimu, na zile za kipunguza mizunguko na za propela zimefungwa kwa waya. Propela yangu ni ya mbao, na mbao hunywa unyevu msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, kwa hiyo ukazaji wa boliti zake ninaukagua kila misimu inapobadilika, hata kama ndege haijaruka wiki tatu.

Umeme ndio upungufu mkubwa wa injini hii, na kwa maoni yangu ndio unaoishusha hadhi mbele ya injini za ndege zenyewe. Lycoming ina magneto mbili, zinazojizalishia zenyewe umeme wa plagi, na plagi mbili kwa kila silinda, na betri ikifa inaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. EJ22 ina plagi moja kwa silinda, kompyuta moja, sensa moja ya kranki, na pampu ya mafuta ambayo bila umeme ni kipande cha bati. Nilipima matumizi ya vyote hivyo pamoja nikapata ampea 14. Ukiwa na betri ndogo ya ndege na alteneta imekufa, una muda wa kutafuta kiwanja na kutua, lakini huna muda wa kubishana.

Kazi ya nyaya niliipa karakana moja ya umeme wa magari, na hilo ni kosa langu zaidi kuliko lao, kwa sababu walifanya kama wanavyofanya kwenye magari. Katika saa ya 118 injini ilikata kwa muda wa sekunde moja hivi, ikarudi. Sekunde moja juu ya maji ni ndefu. Ardhini nilivuta kila waya mmoja baada ya mwingine, hatimaye ethi (waya wa ardhi) ya kompyuta ikatoka mkononi mwangu pamoja na kichwa chake. Ilikuwa imebanwa kwa koleo la kawaida, nyuzi tano kati ya zote ndizo zilizokuwa zimeshika, na nyingine zilikuwa zimekatika kwa mtikisiko na kugeuka kijani. Mzee aliitazama akauliza, kama kawaida yake, hiyo ikifa inakufa na nani. Inakufa na kompyuta, pampu, moto wa plagi, na mimi. Nilizifumua nyaya zote, nikazifunga upya kwa koleo la kubania lenye kipimo, nikaweka ethi mbili zinazokwenda njia tofauti, pampu mbili za mafuta zenye fyuzi na swichi zake, na betri ya pili inayoweza kuilisha kompyuta peke yake. Kazi hiyo ilikula wiki sita. Ningeifanya hivyo tangu mwanzo ningeokoa wiki sita hizo na usingizi mwingi.

Upande wa oili na mafuta injini hii haina makuu. Natumia petroli ya kawaida ya kituoni, ambayo haina madini ya risasi, na oili naibadilisha kila saa 25, ingawa kwa petroli ya aina hiyo wengi hufika 50. Nikilazimika kutia avgasi, yaani petroli ya ndege, siwezi kuifanya mazoea, kwani risasi iliyomo huiua sensa ya ekzosi na kuacha matope kwenye oili. Filta iliyotumika siitupi kabla ya kuipasua, kuikunjua karatasi yake juani na kuipitishia sumaku. Hadi leo sijaona kitu kinachong'aa. Vali hazihitaji kurekebishwa, kwa kuwa EJ22 za zamani zina tapeti za haidroliki zinazojirekebisha zenyewe. Maji kwenye mafuta ni jambo la kila asubuhi ya msimu wa mvua, nalo linaisha kwa kuchukua sampuli kutoka chini ya tangi na kuitazama kwenye chupa. Jambo la dakika mbili ambalo nimeona watu wazima wakiliruka.

Vipuri ninavipa alama mchanganyiko. Upatikanaji wake hapa Kampala hauna mfano: nimewahi kuondoka kiwanjani saa nne asubuhi nikiwa na plagi yenye ufa na kurudi na seti nzima kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo mwenye Lycoming halioti, maana yeye anasubiri mzigo kutoka ng'ambo. Lakini urahisi huo unakuja na vipuri bandia vilivyofungashwa vizuri kuliko vile halali. Mkanda wa taimingi sinunui sokoni kabisa, naagiza nje nikiwa na namba ya kipuri. Beringi nanunua zenye chapa ninayoifahamu, na bado nazipima unene kwa kalipa, kile kipimo cha fundi chenye taya mbili. Themostati naichemsha kwenye sufuria jikoni pamoja na kipimajoto na kuangalia inafunguka kwenye nyuzi ngapi, shughuli ambayo mke wangu ameikubali kwa sharti kwamba sufuria iwe yangu.

Kwa jumla naipa injini yenyewe nyota nne kati ya tano, na mpango mzima, pamoja na kipunguza mizunguko, rejeta na umeme, nyota tatu. Inamfaa mtu anayependa kufungua na kufunga, anayeweza kusoma mchoro wa nyaya, na aliye tayari kuandika kila anachofanya kwenye daftari, kwa sababu mkaguzi akija hatatazama ung'avu wa injini, atataka kuona tarehe, saa na saini. Haimfai anayetaka kuruka kila Jumamosi bila kukosa, wala mwenye haraka ya kuvuka ziwa. Mimi mwenyewe, baada ya ile sekunde moja, naruka nikiufuata ufuko kwa urefu unaoniwezesha kufika nchi kavu bila injini, na nimemwomba kila anayepanda nami asinishawishi vinginevyo.

Zimebaki saa 38 kufika 250. Mkanda mpya, puli, tenshena na pampu ya maji vimo rafuni ndani ya maboksi yake, na Mzee ameshaniambia ataileta kalipa yake mwenyewe.